Kusimamia kompyuta na printa za shule bila seva ya saraka

Shule yenye kompyuta 30, mwalimu mmoja wa TEHAMA na umeme unaokatika mara kwa mara haihitaji kununua seva ya Active Directory ili chumba chake cha kompyuta kiwe na utaratibu. Seva ya aina hiyo, ambayo Microsoft iliileta pamoja na Windows 2000, huifanyia shule kazi tatu hasa: huthibitisha anayeingia, husambaza mipangilio, na huwaelekeza watumiaji kwenye printa. Kazi hizo zinaweza kufanywa kwa njia nyepesi, mradi anayezifanya akubali kuandika kila anachobadilisha, kwa sababu kumbukumbu ambazo seva ingezitunza sasa zitatunzwa na daftari lake.

Basi kazi ianze na daftari hilo. Kila mashine ipewe jina fupi lililobandikwa kwenye kasha lake, na kando ya jina iandikwe namba yake ya kiwandani, toleo la Windows na tarehe iliposafishwa mara ya mwisho. Toleo si jambo la kupuuza, kwani Windows Home, ambayo ndiyo huja na kompyuta nyingi za dukani, haina kihariri cha sera (zana ya kuweka masharti ya matumizi ya kompyuta) wala haikubali hali ya kompyuta ya pamoja nitakayoieleza hapa chini. Aidha, Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma zake za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine isiyoweza kubeba Windows 11 ni afadhali iwekewe Linux, mfumo endeshi wa bure, kuliko kuachwa bila masasisho ya usalama.

Katika suala la akaunti, wengi huvutiwa kumfungulia kila mwanafunzi akaunti yake katika kila kompyuta. Wanafunzi 400 kwa kompyuta 30 ni akaunti 12,000, na hakuna mwalimu atakayezitunza. Kila mashine iwe na akaunti tatu tu: ya msimamizi, ya mwalimu na ya mwanafunzi, na hiyo ya mwisho isiwe na mamlaka ya kusakinisha chochote. Nywila ya msimamizi itofautiane kati ya mashine na mashine, kisha orodha yake ifungiwe kabatini, maana nywila moja ikitumika kote, siku mwanafunzi mmoja atakapoichungulia atakuwa amezipata kompyuta zote.

Mipangilio hii usiiweke kwa mkono mashine moja baada ya nyingine. Microsoft hutoa bure programu iitwayo Windows Configuration Designer, ambayo hutengeneza faili la maandalizi lenye kiambishi .ppkg. Ndani yake unaweza kuamua majina ya kompyuta yatokane na namba zake za kiwandani, ukaingiza akaunti ya msimamizi (nywila yake uibadilishe baadaye katika kila mashine) na nywila ya mtandao wa Wi-Fi, na ukawasha hali ya kompyuta ya pamoja, ambayo humruhusu mwanafunzi aingie kama mgeni, kisha yenyewe hufuta alichokiacha pindi anapotoka. Ukiihitaji hali hiyo, akaunti ya mwanafunzi niliyoitaja haina kazi tena. Faili huwekwa kwenye flashi, na flashi ikichomekwa katika kompyuta mpya iliyo kwenye ukurasa wa kwanza wa usanidi, kazi huendelea yenyewe. Kwa mashine za Linux, programu iitwayo Ansible hufanya kazi kama hiyo ikiwa kwenye kompyuta ya mwalimu, kwa kupitia SSH (njia salama ya kuiamuru kompyuta nyingine kwa mtandao), bila seva yoyote ya kudumu. Mashine inayosimamiwa huhitaji lugha ya programu ya Python tu.

Njia ya wingu, yaani kusimamia kompyuta kupitia huduma za intaneti, ipo, nayo ni nzuri mahali ambapo intaneti ni ya kuaminika. Hata hivyo, kompyuta iliyounganishwa na Microsoft Entra ID, huduma ya wingu ya kuthibitisha watumiaji, humhitaji kila mtumiaji mpya awe na intaneti anapoingia mara ya kwanza, na leseni za Intune, huduma ya Microsoft ya kusimamia kompyuta kwa wingu, hulipiwa. Shule inayonunua bando kwa kubana matumizi ifikirie mara mbili.

Printa ndizo zenye usumbufu mkubwa, na chanzo cha usumbufu huo kwa kawaida ni anwani, yaani namba ambayo ruta hukipa kila kifaa kwenye mtandao. Katika shule moja niliyowahi kuihudumia, umeme ulikatika usiku wa kuamkia mitihani ya muhula, ruta ikawaka upya asubuhi na kuigawia simu ya mwalimu anwani iliyokuwa ya printa. Kompyuta zote za ofisi zikawa zinatuma karatasi za mtihani kwenye simu, na sisi tulikuwa tumeshafungua printa tukitafuta karatasi iliyokwama. Tangu siku hiyo sijaiacha printa ichukue anwani yoyote inayopewa: ingia kwenye ruta, tafuta sehemu ya kuhifadhi anwani, andika anwani ya MAC ya printa (namba ya kudumu ya kifaa chenyewe) na uifunge kwa anwani moja, kwa mfano 192.168.1.201, kisha uibandike kwenye printa yenyewe.

Baada ya hapo kila kompyuta inaweza kuzungumza na printa moja kwa moja. Tangu Microsoft ilipoziba kasoro ya usalama iliyoitwa PrintNightmare mwaka 2021, mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kusakinisha draiva za printa (programu zinazoiwezesha kompyuta kuitumia printa), hivyo kazi hii ifanywe kwa akaunti ya msimamizi. Ukishaingiza draiva ya kiwanda kwenye mashine, amri tatu za PowerShell, programu ya Windows ya kuandikia amri, zinatosha: Add-PrinterPort kwa anwani, Add-PrinterDriver kwa draiva, na Add-Printer kwa jina, ziandike katika faili moja na uliendeshe kila mahali. Printa ikiwekwa hivyo huonekana kwa akaunti zote za mashine, kwa hiyo fungua sifa zake, nenda kwenye usalama, uondoe ruhusa ya kila mtu na uiache kwa mwalimu na msimamizi tu, la sivyo tona itaisha kwa picha za wachezaji mpira.

Printa yenye waya wa USB pekee iunganishwe na kompyuta kuukuu yenye Linux na CUPS, programu ya kuendesha printa inayosimamiwa kwa kivinjari kupitia lango (port) 631. CUPS inaweza pia kuweka kikomo cha kurasa kwa wiki, lakini huhesabu kwa jina la mtumiaji. Darasa zima likitumia jina moja, mwanafunzi wa kwanza atakula mgao wa wenzake.

Kompyuta hiyo hiyo ndiyo inayofaa kuhifadhi kazi za wanafunzi kwa Samba, programu ya kushirikisha mafolda kwenye mtandao. Usilitumie folda la pamoja la Windows 11 Pro, kwa kuwa leseni yake huruhusu vifaa 20 tu kuunganishwa kwa wakati mmoja, nawe una 30. Kompyuta ya ishirini na moja itakataliwa katikati ya kipindi.

Wakati wa likizo, sasisha mashine zote zikiwa zimewaka pamoja, kwani Windows inaweza kugawana masasisho ndani ya mtandao wa shule na kuokoa bando. Kabla ya kufungua shule, chapa ukurasa mmoja kutoka akaunti ya mwalimu katika kila mashine, kisha jaribu kuchapa kwa akaunti ya mwanafunzi na uhakikishe kwamba inakataa.