Mzigo wa samaki na matumbawe umechelewa njiani? Usikimbilie kufungua mfuko

Umeagiza samaki wako wa kufuga kwenye tangi la kioo, ukaambiwa ndege imeahirishwa, mzigo unalala eapoti mpaka kesho. Usikate tamaa bado. Samaki aliyefungwa vizuri, yaani maji kama theluthi moja ya mfuko na iliyobaki oksijeni, halafu hakulishwa siku moja au mbili kabla ya safari ili asichafue maji, anaweza kumaliza masaa 48 humo ndani na bado akawa mzima. Hatari kubwa inaanza pale unapofungua mfuko.

Iko hivi. Samaki akipumua anatoa hewa ukaa, na kwenye mashavu anatoa amonia, yaani uchafu wa mwili wake ambao unaweza kuwa sumu. Ile hewa ukaa inashusha pH ya maji (kipimo cha uchachu, ikiwa chini maji ni machachu zaidi), na pH ikiwa chini amonia nyingi inakaa kwenye hali ambayo haina sumu kali. Kwenye maji ya nyuzi 25 yenye pH 7, amonia ya sumu haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote iliyomo, pH 8 inakuwa kama asilimia 5, pH 9 inapita theluthi. Sasa wewe unafungua mfuko, hewa ukaa inatoka, pH inapanda, amonia ya siku mbili inageuka sumu kali, na samaki yuko humo humo unamdondoshea maji ya tangi tone kwa tone saa nzima eti unamzoesha! Unamuunguza mashavu jamani. Kuzoesha kwa matone ni kuzuri kwa mzigo wa masaa machache, mzigo uliochelewa sio wa kufanyiwa hivyo.

Wanaofuga samaki wa Ziwa Tanganyika, kina Tropheus na Frontosa wanaotoka Kigoma au Burundi, muwe makini mara mbili, maana maji yao ya asili yana pH inayokaribia 9 na matangi yetu tunayaweka huko huko juu.

Kwa hiyo maandalizi yafanyike mzigo ukiwa bado njiani. Mpigie muuzaji muulize amefungia maji ya pH ngapi na, kama ni samaki wa baharini, chumvi kiasi gani. Hilo swali la chumvi watu wengi hawaulizi na ndilo linaokoa maisha. Wauzaji wengine wanafungia chumvi ya chini, tuseme 1.020 (uzito wa maji ya chumvi ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi), na tangi lako liko 1.025. Samaki anavumilia kushushiwa chumvi kuliko kupandishiwa ghafla, basi andaa tangi dogo la karantini, yaani la kumtenga kwanza, lenye chumvi ile ile ya mfuko, hita na kipampu cha hewa, halafu utapandisha taratibu kwa siku kadhaa. Hapo hauhitaji matone kabisa.

Mzigo ukifika zima taa za tangi, chumbani pia punguza mwanga, maana samaki katoka gizani. Mfuko ukiwa bado umefungwa uache uelee juu ya maji ya tangi dakika 20 hadi 30 joto lilingane, ukiwa wa baridi sana ongeza muda. Usiufungue kumpa hewa, hewa ya chumbani ina oksijeni ndogo kuliko iliyomo mfukoni. Joto likilingana fungua, pima chumvi haraka, mtoe samaki kwa neti au kikombe umuingize. Maji ya mfuko mwaga, hata kidogo yasiingie kwenye tangi. Ukiona aliyekufa mpige picha akiwa ndani ya mfuko uliofungwa, wauzaji wengi bila hiyo picha hawarudishi hela.

Kamba na konokono ni tofauti, wao mabadiliko ya chumvi ya ghafla hawayawezi kabisa, kwao kulinganisha chumvi mapema ndio kila kitu.

Matumbawe nayo yana yake. Ukifungua ukakuta ute mwingi na nyuzi za kahawia majini usiogope, ni msongo, yanatema vile vimwani vinavyoishi ndani yake. Harufu ya kuoza ndio mbaya, nyama ikibanduka mfupa mweupe ukabaki, kata kile kipande kilichokufa kabla hakijaambukiza kingine. Yale laini kama zoa (zoanthid) huwa yanavumilia kuchelewa, Acropora, yale magumu yenye matawi, ndio yanadeka. Linganisha joto, yasuuze kwenye maji safi ya tangi, yaloweke kwenye dawa maalumu ya kuua wadudu wa matumbawe kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, yasuuze tena, uyaweke chini kabisa kwenye mwanga hafifu. Kuyapandisha kwenye taa kali fanya kidogo kidogo kwa wiki moja mbili, hata kama yamepauka na unatamani yapate rangi upesi, taa kali ndio inayamaliza.

Siku ya kwanza usilishe. Kesho yake jaribu chakula kidogo sana, pima amonia ya tangi la karantini asubuhi na jioni, ikionekana badilisha maji.