SOMO: Kuzalisha klaunifishi (wale samaki wadogo wa mapambo wa baharini) nyumbani (someni kabla ya kuuliza)

Kila wiki swali ni lile lile, "vifaranga vyangu vimekufa vyote siku ya tatu, tatizo nini?" Naandika mara moja hapa. Mimi nipo Tanga na maji natumia ya bahari yetu.

1. Chukua wadogo wawili, mmoja awe mkubwa kidogo kuliko mwenzie.

2. Maji chota yakiwa yamejaa, mbali na bandari. Masika usichote karibu na inapomwagia mito ya Mkulumuzi wala Zigi, chumvi inashuka na tope linakuja nalo. Joto 26 mpaka 28.

3. Laza chungu ubavu au egemeza kigae, watataga hapo. Kulisha vizuri na subira, basi.

4. CHAKULA CHA VIFARANGA. Hapa ndipo wanapofia, na hapa ndipo hamsomi. Kifaranga akianguliwa ana milimita 3 au 4, mdomo wake hauwezi kumeza atemia (vikamba vidogo sana vya maji ya chumvi) hata yule aliyeanguliwa leo, anataka rotifa, vidudu ambavyo kwa macho unaona kama vumbi linalotembea majini. Na rotifa hanunuliwi siku ya kuanguliwa, anafugwa kabla, tena katika ndoo mbili tofauti maana ndoo moja ikifa usiku asubuhi huna kitu. Mlishe mwani wa kijani. Wapo wanaolisha hamira peke yake, rotifa wanazaana kweli lakini hawana lishe na kifaranga anakufa huku tumbo limejaa. Kiini cha yai cha kuchemsha MSIWEKE, kinaoza, amonia (sumu ya uchafu majini) inapanda, mchezo umeisha. Kama ndoo zako hazijachangamka, hilo taga waachie, watataga tena baada ya wiki mbili hivi.

5. Mayai yanaanza rangi ya chungwa kisha yanakuwa meusi. Ukiona macho yanang'aa kama fedha ni usiku huo, saa moja au mbili baada ya kuzima taa. Kwa kawaida siku ya 7 mpaka ya 9.

6. Jioni hiyo hamisha chungu kwenye tangi dogo lenye maji ya wazazi, mapovu ya pampu ya hewa yapite karibu na mayai maana baba hayupo tena kuyapepea. Giza kabisa. Pande za tangi ziba kwa karatasi nyeusi, hakuna chujio la kunyonya, mwani kidogo majini na rotifa wawe wengi muda wote. Maji badilisha kidogo kidogo kwa mpira mwembamba.

7. Kuanzia siku ya 5 au ya 7 changanya atemia wachanga taratibu. Mistari ikianza kutokea, pumua.

MASWALI

Mdau: Mkuu nimetumia maji ya bomba na chumvi ya jikoni, wamelala chini, nifanyeje?
— Rudi namba 2.

Mdau: Lakini dukani waliniambia chumvi ni chumvi.
— Si kweli. Watoe kwenye hayo maji sasa hivi, mengine baadaye.

Mdau wa Bagamoyo: Samahani kaka, mbona hujasema namna ya kujua dume na jike?
— Swali zuri sana dada. Wote huzaliwa madume. Mkubwa anayetawala anageuka jike, anayemfuata anabaki dume wake. Jike akifa, huyo dume anageuka jike na mdogo anapanda cheo. Akishageuka harudi, ndiyo maana usiweke majike wawili wakubwa pamoja, watauana.

Mdau: Wamekula mayai yao! Niwatenganishe?
— Hapana. Mataga ya mwanzo wengi wanakula, waache wazoee.

Mdau: Anemoni lazima?
— Yule mnyama wa baharini mwenye minyiri wanamojificha? Si lazima. Ni ngumu kufuga kuliko samaki wenyewe.

Mdau: Si nikavue tu mwambani, bure?
— Wa kwetu wapo, aina ya akallopisos na allardi, lakini wale wa aina ya ocellaris ambao wengi mnafuga si wa bahari hii, kwa hiyo msimwage baharini. Na Tanga kuna hifadhi ya bahari tangu 2009, huwezi kujichotea tu. Nisirudie.

Mdau wa Bagamoyo: Umeme ukikatika usiku je?
— Pampu ndogo ya betri, dada, iwe na chaji kabla mayai hayajang'aa macho. Huna, chota kwa kikombe umwage polepole pembeni ya tangi, kila baada ya dakika chache. Ndoo za rotifa nazo koroga, watu wanazisahau.