Umeme ukikuishia barabarani Nairobi: namna ya kuita chaji ikufuate

Wadau wa Nissan Leaf na magari mengine ya umeme, gari lilinizimikia Waiyaki Way pale Uthiru, saa moja jioni, mvua inanyesha, na ule mchoro wa kobe, wa kuonya chaji inaisha, ulikuwa umetokea kwa dashibodi kitambo lakini mimi najiambia tu nitafika Kikuyu. Nikaita gari la chaji, lile linalokufuata na chaja ulipokwama, likaja, jamaa akafungua buti, akavuta waya, pini haiingii. Nikalipa pesa ya safari yake na bado nimekwama. So soma hii ukiwa bado una chaji.

Kwanza jua matundu ya gari lako. Leaf nyingi tunazoleta kutoka Japani zina mawili pale puani, dogo la duara linaitwa Type 1, hilo ni la chaji ya polepole, na kubwa CHAdeMO la chaji ya haraka (zingine hazina hilo kubwa, fungua uangalie). Magari ya soko la Ulaya mengi ni CCS2, na yale yaliyotengenezwa kwa soko la China kwenyewe ni GB/T. Usijaribu kukariri, piga picha ya tundu leo uiweke kwa simu, siku ya siku unaituma WhatsApp na swali moja tu, hii mnayo?

Pia kama gari halijaonyesha kobe wala asilimia ndogo, limekataa tu kuwaka na taa za dashibodi zinafifia, huenda shida ni ile betri ndogo ya volti 12. Hiyo unahitaji mtu wa kuijampi, gari la chaji la nini?

Sasa pesa. Uliza wanauza kwa yuniti (kilowati moja kwa saa moja) au kwa dakika, na pesa ya kuja ni ngapi kando. Ukiambiwa dakika, uliza chaja yao ni ya kilowati ngapi, kwa sababu chaja ya haraka ya kilowati 20 inakupa yuniti 5 kwa kama robo saa, lakini kwa lile tundu dogo, Leaf yenye chaja ya ndani ya kilowati 3.3 itakaa saa moja na nusu kupata hizo hizo 5, umelipia dakika 90 za kukaa kando ya barabara ukiangalia matatu zikipita. Na usijaze! Yuniti moja inanisukuma kama kilomita 6 mjini, Uthiru hadi Kikuyu hata kilomita 15 hazifiki, ni kupanda ndio, kwa hivyo yuniti 5 zinanifikisha nyumbani na zinabaki. Zingine utaweka huko kwa bei ya kawaida. Ukiwa na mita ya magari ya umeme ndio raha zaidi, mwaka 2023 Kenya Power walianzisha bei ya shilingi 16 kwa yuniti, na 8 ile saa ya usiku, kabla ya kodi na makato.

Wengine huja na jenereta ya petroli. Sio mbaya, lakini muulize kama waya ya kwenda ardhini imefungwa vizuri, maana jenereta nyingi ndogo hazina na kebo ya Leaf ikikosa hiyo inawasha taa nyekundu inakataa kabisa, mtasumbuana hapo mpaka usiku. Ekstensheni nayo ikunjuliwe yote, ikibaki imeviringwa inapata moto.

Ukiona kobe, toka kwa barabara kubwa mara moja, tafuta petroli stesheni yenye taa na askari, hapo ndio uite. Na kama chaji imeshindikana, usikubali kuvutwa kwa kamba. Leaf inasukumwa na magurudumu ya mbele, yakizungushwa yakiwa chini unaweza kuharibu mota. Itisha brekdauni ya kubeba gari zima mgongoni, mimi ndiyo ilinifikisha Kikuyu, saa nne usiku.