Kabla hujabisha hodi: maandalizi ya mtumishi wa chuo anayetaka kutoa taarifa za maovu kazini

Barua haikuwa na jina wala saini, na ilichapwa steshenari ya mtaani ili isijulikane imetoka printa gani. Kabla ya saa ya chai idara nzima ilikuwa imeshaamua nani kaiandika. Aya ya tatu ilitaja semina ya siku tano iliyolipiwa posho wakati washiriki walikaa siku mbili, ikaweka na namba ya hati ya malipo. Hati ile ilipita kwa watu watatu: mhasibu, mkuu wa idara na kijana wa masjala aliyezungusha majalada. Wawili wa mwanzo ndio waliotuhumiwa na barua. Akabaki nani?

Nilikuwa kwenye idara ile. Chuo sikitaji. Tangu hapo, mtu akinijia na jambo la namna hii, swali langu la kwanza huwa: wangapi wengine wanajua unachokijua? Jina unaweza kulificha, lakini maelezo yakakutaja. Kama mnaojua ni wachache, usiandike namba ya hati wala maneno uliyoambiwa mkiwa wawili. Mwelekeze mkaguzi pa kutazama, kwamba posho za semina za kipindi fulani zilinganishwe na karatasi za mahudhurio. Au jitambulishe kwa mamlaka na udai ulinzi wako. Mimi naegemea hilo la pili, maana asiyejulikana akianza kuonewa atathibitishaje kwamba anaadhibiwa kwa taarifa isiyo na jina lake?

Hapa Tanzania ulinzi huo upo kwenye Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Inamkinga aliyetoa taarifa kwa nia njema, akiwa na sababu za msingi za kuamini anachosema ni kweli, na akaipeleka kwa mamlaka husika. Hilo la mwisho ndilo linalowaponza wengi. Kundi la WhatsApp la wafanyakazi si mamlaka husika, hata kama yumo katibu wa chama. Ukianzia huko, mwajiri anakuja na shtaka la kuvujisha siri za ofisi, na badala ya kuuliza wewe ndiye unayejibu.

Kwa hiyo chagua mlango mapema. Wa ndani unaweza kuwa mkaguzi wa ndani, kamati ya maadili au dawati la jinsia, lakini ulizia ripoti yao inaishia mezani kwa nani. Ikiishia kwa mtuhumiwa au rafiki yake wa damu, toka nje. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wana simu ya bure, 113, na ofisi wilayani. Kwa rushwa ya ngono usianze kujiuliza kama jambo lako ni zito vya kutosha: kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinahesabu kudai tu kuwa kosa, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 5, au vyote viwili. Mwenye cheo akishadai, kosa limetimia, hata kama hukumpa kitu. TAKUKURU wenyewe walifanya utafiti wa jambo hili kwenye vyuo vikuu vya Dar es Salaam (UDSM) na Dodoma (UDOM), kwa hiyo hutakuwa unamfundisha afisa kitu kigeni. Ila mtego waachie wao. Usijipeleke gesti na simu inayorekodi mfukoni.

Ushahidi mzuri mara nyingi ni daftari la shilingi elfu moja. Andika siku ileile: "Jumanne, saa 10 jioni, ofisini kwake. Alifunga mlango. Alisema kupandishwa kwangu cheo kuko mkononi mwake. Nilipotoka nilimkuta dada wa mapokezi, nikamwambia." Tarehe, saa, mahali, maneno yenyewe, nani alikuwepo. Maoni yako weka kando. Jalada la masjala usilibebe kwenda nalo nyumbani. Nakili namba yake na folio, yaani namba ya ukurasa ndani ya jalada, mwenye mamlaka atalitoa. Wala usifungue kompyuta ya mwenzako hata kama nywila umeiona kwenye karatasi iliyobandikwa, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao itakugeuza mtuhumiwa asubuhi moja.

Halafu jikague. Masurufu ya safari ya mwaka jana umeyarejesha? Alama za wanafunzi umeingiza? Huko ndiko watakakoanza kuchimba.

Na kisasi chuoni huja taratibu, kikiwa kimevaa tai. Utapangiwa kipindi cha saa 1 asubuhi na kingine saa 1 usiku siku hiyohiyo. Wanafunzi unaowasimamia watagawiwa wengine. Faili lako la kupandishwa cheo litakuwa "linazunguka". Hakuna kati ya hayo linaloitwa adhabu, ndiyo maana unahitaji kuonyesha kabla na baada: chapa ratiba zako na tathmini za utendaji za miaka iliyopita, uziweke nje ya ofisi na nje ya barua pepe ya chuo. Jiunge na chama cha wafanyakazi wa vyuo, THTU au RAAWU, mapema; anayejiunga akiwa na barua ya kuachishwa mkononi hupokewa kwa shingo upande. Ukiwa chuo binafsi, mgogoro wa kuachishwa kazi unafunguliwa CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30, na migogoro mingine siku 60. Chuo cha umma, unaanza kwanza na njia za rufaa za utumishi wa umma.

Nyumbani, mwenzi wako ajue kabla, hasa kama mshahara una makato ya mkopo. Ndugu wengine wanaweza kusubiri.

Siku ya kukabidhi, omba namba ya kumbukumbu na jina la aliyepokea, uviandike kwenye daftari lilelile.

Yule kijana wa masjala alihamishiwa stoo ya vifaa vya usafi. Barua hakuiandika yeye. Aliyeiandika alikuta hati ile imesahauliwa juu ya mashine ya fotokopi.