Kuongeza vyumba kwenye nyumba ya familia Uganda: jinsi ya kuomba kibali cha ujenzi

Watu wengi, iwe Jinja, Busia, Bombo au Arua, hudhani kibali ni cha maghorofa na majengo ya biashara, na kwamba vyumba viwili vya nyuma ni mambo ya mwenye nyumba na fundi wake. Sivyo. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya 2013, kuongeza jengo ni kazi ya ujenzi sawa na kujenga upya, na haianzi mpaka kamati ya ujenzi ya eneo lako itoe kibali. Wala usijifariji kwamba uko kijijini, maana Sheria ya Mipango ya 2010 iliifanya nchi nzima kuwa eneo la mipango. Ukipaka rangi au kubadilisha kitasa hakuna atakayekuuliza. Ukichimba msingi, utaulizwa.

Kwa nionavyo, kinachokwamisha maombi mengi si mchoro. Ni karatasi za ardhi na za nyumba ya zamani, zile ambazo hakuna aliyezifungua tangu mzee alipohamia. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa sana huko mwanzoni.

Anza na ardhi

Toa hati ulikoificha uisome. Hati ya mailo, yaani umiliki wa kudumu wenye asili ya Buganda, ina namba za bloku na ploti. Ya lizi, yaani ardhi uliyokodi kwa miaka maalumu, ina namba za volyumu na folio. Ukiwa na namba hizo nenda ofisi ya ardhi ya kanda yako, uombe uchunguzi wa hati kwenye daftari lao. Jibu litakuonyesha jina la mwenye ardhi, na kama kuna rehani ya benki au zuio lililowekwa na mtu mwingine. Afisa wa mipango atataka jibu la karibuni, kwa hiyo usilichukue mapema ukakaa nalo mwaka mzima.

Soma jina kwa makini. Nyumba za familia mara nyingi bado zina jina la baba aliyefariki zamani, na watoto wote wanaishi humo kwa amani bila kugusa kitu. Amani hiyo haitoshi ofisini. Mwombaji anapaswa kuwa mwenye ardhi au mtu mwenye mamlaka juu yake, na mamlaka hayo hutoka mahakamani, kwa barua za usimamizi wa mirathi. Safari huanzia kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji au mtaa, hupitia ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi kupata cheti cha kutokuwa na pingamizi, kisha mahakamani. Ni safari ndefu kuliko ya kibali chenyewe. Kama ndivyo ilivyo kwenu, itisheni kikao cha ukoo kabla ya kumlipa mchoraji hata shilingi. Nimeona ndugu wakielewana vizuri juu ya chumba cha wageni, wakagombana siku ile tu swali la jina la nani lilipotajwa.

Ukiwa na lizi, angalia miaka iliyobaki na matumizi yaliyoandikwa. Ukiwa na kibanja, yaani haki ya kukaa juu ya ardhi ya mailo ya mtu mwingine, kusanya mkataba wa kununua uliosainiwa mbele ya LC, risiti za busuulu (ada ya kila mwaka kwa mwenye ardhi), na barua ya mwenye ardhi kwamba amekubali ujenzi. Barua hiyo ipate kwa maandishi. Salamu za mdomo haziingii kwenye faili.

Halafu mpima ardhi. Hapa watu hubana pesa, na hapa ndipo wasipopaswa kubana. Mwite mpima aliyesajiliwa afukue mawe ya mpaka. Ua wa michongoma si mpaka, na ukuta wa jirani si mpaka. Jiwe hulala chini ya udongo, wakati mwingine katikati ya shina la mgomba, na likifukuliwa unaweza kukuta ua wako umeingia kwa jirani, au barabara imekula ploti yako. Vyumba vya nyongeza hujengwa pembeni au nyuma, palepale karibu na mpaka, kwa hiyo hatua moja ya mguu inaweza kuuangusha mpango wote.

Walio karibu na maji wawe waangalifu zaidi. Kanuni za mwaka 2000 zinalinda ukanda wa mita 200 kutoka ufuo wa Ziwa Victoria na mita 100 kutoka kingo za mto Nile. Kwamba nyumba ya zamani imesimama humo haimaanishi utaruhusiwa kuipanua. Zungumza kwanza na afisa mazingira.

Nyumba ya zamani ina faili?

Uliza ofisi ya divisheni au manispaa kama ramani ya nyumba iliyopo iliwahi kupitishwa. Ikiwepo, omba nakala, kazi itakuwa nyepesi. Isipokuwepo, usilifiche jambo hilo. Mchoraji apime nyumba yote kama ilivyo, achore ya zamani na mpya pamoja, maana afisa akija atahesabu vyumba kwa macho yake.

Mchoro

Msanifu majengo awe amesajiliwa, na michoro ibebe muhuri wake. Hesabu za msingi, nguzo na zege zitoke kwa mhandisi aliyesajiliwa. Kuna vijana wengi wa kompyuta wanaochora vizuri kwa bei ya chini kisha wanatafuta muhuri wa kuazima. Uliza jina la mwenye muhuri, ujiridhishe kwamba anaijua kazi yako, kwa sababu ndiye atakayeitwa ukuta ukipasuka.

Seti ya kawaida ina ramani ya mahali ploti ilipo, ramani ya ploti inayoonyesha umbali kutoka kila mpaka, ramani ya vyumba, sura za nje, mkato (jengo likionekana kama limekatwa wima) na paa. Kwa nyongeza, mambo matatu ndiyo yanayotazamwa sana.

La kwanza ni dirisha linalomezwa. Ukibandika chumba kipya nyuma ya chumba cha kulala, dirisha la zamani sasa linafungukia ndani ya chumba kingine. Hewa na mwanga vimekwisha. Afisa wa afya huliona hilo kabla hajamaliza kuifungua karatasi. Hamisha dirisha ukuta mwingine, au acha uwazi kati ya majengo mawili.

La pili ni maji machafu. Funua mifuniko ya chemba zote na upime kutoka ukutani: bomba linapita wapi, tangi la septiki liko wapi. Vyumba vingi vya nyuma hujengwa juu ya chemba, na siku choo kikiziba ni kuvunja sakafu mpya. Acha pia njia, ili mpira wa gari la kunyonya choo ufike kwenye tangi. Kama mtaa wenu umeunganishwa na mabomba ya maji taka ya NWSC, shirika la taifa la maji, waulize linapopita bomba kuu kabla msanifu hajaweka ukuta.

La tatu ni pale ukuta mpya unapokutana na wa zamani. Nyumba ya zamani imeshatulia ardhini, mpya bado itashuka kidogo. Ukizifunga pamoja kwa matofali tu, ufa utaonekana. Mhandisi achore kiungo hicho, na paa lionyeshe maji ya mvua yanakoshukia. Yasishukie kwa jirani.

Kupeleka maombi

Uliza halmashauri yako kama inapokea maombi kwa BIMS, mfumo wa kitaifa wa kompyuta, au bado kwa karatasi. Ikiwa ni kwa mfumo, hakikisha namba ya simu na barua pepe zilizoandikwa ni zako, si za mchoraji, maana maswali ya maafisa huja kwa njia hiyo. Ambatisha kitambulisho cha taifa, hati, jibu la uchunguzi, ramani ya mpima na michoro.

Ada huenda kwa ukubwa na aina ya jengo. Utapewa namba ya malipo, PRN, ulipe benki au kwa simu. Usimpe mtu pesa mkononi, hata akiwa amevaa kitambulisho cha ofisi shingoni.

Faili hupita kwa afisa wa mipango kwanza, kisha kwa afisa udhibiti ujenzi na kamati. Watakuja kuona kiwanja, kwa hiyo awepo mtu wa kufungua geti. Wakirudisha michoro na maswali, jibu kila swali kwa maandishi na upeleke mchoro uliorekebishwa, siyo maelezo ya mdomo. Wakikataa, dai sababu kwa maandishi. Sheria inakupa nafasi ya kukata rufaa.

Kazi ikianza

Mjulishe afisa udhibiti ujenzi kabla ya jembe la kwanza, na weka nakala ya kibali na michoro iliyopitishwa palepale saiti. Mwite akague mtaro wa msingi kabla ya kumwaga zege. Ukishafunikwa hakuna wa kuuona. Panga msingi uishe kabla ya mvua za Machi hadi Mei au zile zinazoanza Septemba, la sivyo mtaro utakuwa bwawa. Ukibadili kitu, hata mlango, rudi kwa msanifu kwanza. Waya za umeme zifungwe na fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Umeme, ERA.

Kazi ikiisha, usihamishe vitanda bado. Omba kibali cha kukaa ndani ya jengo jipya, afisa aje alinganishe jengo na michoro. Ukikipata, kitie kwenye bahasha moja na hati na michoro yenye mihuri, na nakala mpe ndugu mwingine akae nayo nyumba nyingine.