Jinsi ya kunyoosha loglaini ya muvi ya kisa cha kweli (tunatumia mbio za Akhwari)

Loglaini ni ile sentensi moja, mbili zikizidi sana, inayomwambia prodyuza stori yako ni ya nani, anataka nini na nini kinamkwamisha. Kwenye visa vya kweli ndo watu wengi wanachemka, kwasababu umeshasoma mambo kibao na kila moja unaona ukiliacha umemkosea mhusika. Tufanye na John Stephen Akhwari, marathoni ya Olimpiki, Mexico City, tarehe 20 Oktoba 1968.

Hatua ya 1: mwaga kila kitu, usijizuie.

"Mwanariadha wa Tanzania kutoka Mbulu anaenda Olimpiki ya 1968, anaanguka na kuumia goti, lakini anamaliza mbio akiwa wa mwisho na kuwa shujaa wa taifa."

Yote kweli, ila hiyo ni habari ya gazetini. Ukishaisoma hamna kilichobaki cha kusubiri.

Hatua ya 2: tafuta pale ambapo angeweza kufanya vingine. Hapa kaa sana, hata siku mbili. Kuanguka sio uamuzi, kunamtokea tu mtu. Sasa angalia hesabu: walianza watu 75, wakamaliza 57, maana yake 18 waliishia njiani, na kwenye ule mwinuko wa mita kama 2,240 hewa nyepesi hivyo, nani angewalaumu? Yaani mlango wa kutokea ulikuwa wazi kabisa, angejitoa na yeye hakuna ambaye angemsema, na bado akainuka. Drama yako iko hapo, sio kwenye goti.

Hatua ya 3: mpe stelingi sifa moja inayouma. Nimeona rasimu zinamwita "mkimbiaji asiyejulikana" au "mnyonge", hapana jamani, huyu mwaka 1970 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh alishika nafasi ya 5 kwa saa 2 na dakika 15. Andika "hodari". Mtu hodari akichechemea inauma zaidi. Jina lake lisikusumbue, prodyuza asiyemjua halitamsaidia kitu, litakaa kwenye synopsi, yaani muhtasari wa stori nzima.

Hatua ya 4: adui ni nani? Sio Mamo Wolde wa Ethiopia aliyeshinda, yeye alimaliza kwa 2:20:26 na Akhwari akaingia kwa 3:25:27, zaidi ya saa nzima baadae, giza linaingia na watu wengi washaondoka uwanjani. Adui ni lile swali la kwamba ushindi haupo, sasa naendelea kwa ajili ya nini.

Hapa kuna mtego nilioingia mwenyewe. Niliandika "mshindi keshavishwa medali, yeye anaanguka...", ikasomeka tamu kweli, lakini alianguka mbio zikiwa hazijafika hata nusu, mshindi bado yuko barabarani. Kisa cha kweli usipindue mpangilio wa matukio ili sentensi ipendeze, wanaokumbuka watakukamata.

Hatua ya 5: kata mwisho. Toa "wa mwisho", toa "shujaa", na lile jibu lake maarufu la kwamba nchi ilimtuma akamalize mbio liweke kwenye skripti, huku linakula nafasi na linatoboa siri. Imebaki hivi:

"Mwaka 1968, mkimbiaji hodari kutoka taifa changa la Tanzania anaumia vibaya katikati ya marathoni ya Olimpiki, ushindi haupo tena, wenzake wanajitoa, na kila kilomita inamlazimu aamue upya kama kuna sababu ya kuendelea."

Hatua ya 6: msomee mtu asiyekijua kisa, kwa sauti, mara moja tu, usimfafanulie. Kinyozi, dada wa mgahawani, yeyote. Akisema "kisa kizuri" rudi hatua ya 2. Akiuliza "ikawaje?" sasa nenda kaongee na mhusika au familia yake kuhusu ruhusa, kabla hujamtumia prodyuza yeyote.