Hitapampu ya maji moto inapiga kelele? Pimia dirishani, usiku

Siku hizi fleti nyingi za Nairobi zinafungiwa hitapampu za maji moto kwa rufu, yaani mashine zinazovuta joto la hewa kupasha maji, na mimi kama fundi naziunga mkono kabisa kwa sababu stima ya uniti moja inakupa joto la uniti kama tatu. Shida ni kelele, na shida kubwa zaidi ni vile tunaipima.

Mara ya kwanza kuitwa kwa malalamiko nilienda saa nne asubuhi, nikasimama kando ya mashine nikasikiza, nikashuka nikamwambia yule mama wa chini sioni kitu. Matatu zinapiga honi hapo nje, mjengo unaendelea ploti ya pili, sasa ningesikia nini? Akaniangalia tu akasema, "Fundi, kuja usiku ndio ujue." Nikarudi saa nane usiku. Nikaweka kiganja ukutani pale juu ya kitanda chake na ukuta wote ulikuwa unatetemeka kama simu iko kwa vibreta. Nilimwomba msamaha.

Kwa hivyo sheria kwanza. Kanuni za kelele za 2009, zile za NEMA, mamlaka ya mazingira, zinasema nje ya nyumba za makazi mwisho ni desibeli (kipimo cha kelele) 50 mchana na 35 usiku, na usiku wao unaanza saa mbili jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Hata mtaa wenye maduka na baa katikati ya nyumba, usiku ni 35 ile ile. Na huo usiku ndio wengi huwasha mashine ili maji yawe tayari watu wakiamka, tena hewa ya Julai ikiwa baridi kompresa inafanya kazi masaa mengi zaidi.

Kama bado hujanunua, soma karatasi ya mashine vizuri. Kuna namba mbili watu huchanganya. Moja ni nguvu ya sauti, inaandikwa Lw, ni kelele yote mashine inatoa. Nyingine ni presha ya sauti, ile sikio linapata ukiwa umbali fulani, kawaida mita moja, na hii huwa ndogo ndiyo wauzaji wanapenda kuionyesha. Tafuta Lw. Tuseme ni 65, mashine imekaa sakafuni na mgongo uko ukutani, dirisha la jirani liko mita 5: hapo dirishani itafika kama 46. Umbali ukiwa mara mbili unatoa 6, kwa hivyo mita 10 ni kama 40. Ukiisukuma kwa kona ya kuta mbili ongeza 3, ukiweka mashine mbili za aina moja ongeza 3 tena. Hesabu ya dakika mbili na tayari unajua usiku itazidi 35.

Kama imeshafungwa, nenda na mita ya sauti, ya klasi 2 inatosha. Apu ya simu inaweza kukuonyesha tofauti lakini usiende nayo mbele ya mtu ukisema ni ushahidi. Kwa mipangilio ya mita chagua A (inayosikia kama sikio) na slow (namba isirukeruke), vika maiki sponji yake, upepo ukiwa mkali ahirisha. Simama nje ya dirisha la anayelalamika, kama mita moja hivi, si kando ya mashine, na ujue ukuta ulio nyuma ya maiki unaongeza karibu 3.

Sasa pima mashine ikiwa imewaka dakika tano, halafu mwambie keateka aizime, upime tano zingine. Hii ya kuzima ndiyo watu huruka na ndiyo kazi yenyewe. Nairobi usiku mbwa wanabweka, malori yanapita, mara nyingi mtaa wenyewe tayari umepita 35. Desibeli hazitolewi kama hesabu ya kawaida: ikiwaka ni 44 na ikizimwa ni 41, tofauti ni 3, hapo unatoa 3 kwa ile 44, mashine yenyewe ni 41. Tofauti ikifika 10 hakuna cha kutoa, ikiwa chini ya 3 huwezi kusema kitu, ngoja mtaa utulie zaidi. Waingereza kwa kanuni yao ya BS 4142 huangalia mashine imepita kelele ya kawaida ya mahali palipotulia kwa kiasi gani, ikipita kwa 5 hivi ni dalili ya shida, 10 ni shida kubwa, na ule mlio wa mmmm wa noti moja unaongezewa adhabu kwa sababu unakera kuliko namba inavyosema. Naona wako sawa.

Lakini sikiza pia ndani ukiwa umefunga madirisha. Kama mlio haupungui, au ni mkubwa kuliko nje, basi haupiti hewani, unapita kwa slabu na paipu, na mita ya nje haitakuambia hivyo. Zima kitu kimoja kimoja. Kwa yule mama tulikuta pampu ndogo ya kuzungusha maji ndiyo ilikuwa imebanwa moja kwa moja ukutani, na miguu ya hitapampu imefungwa boliti kwa slabu bila raba. Tukaweka raba, tukaweka hosi laini kati ya mashine na paipu za chuma, na timer tukaipeleka iwashe saa sita mchana mpaka jioni, wakati hewa ina joto na mashine inakula stima kidogo, tangi lenye lagging nzuri (vazi la kuzuia joto lisitoke) linakaa na moto mpaka asubuhi. Miti na maua ya kwa ndoo hayazuii sauti, usiuziwe hayo. Ukuta mzito unaoficha mashine kabisa isionekane dirishani unasaidia, ila uache nafasi ya feni kupumua.

Andika tarehe, saa, mahali uliposimama, hali ya hewa na namba zote mbili, mpe landlodi nakala. Na urudi tena baada ya miezi sita hivi, kwa sababu bering za feni zikianza kuisha kelele inarudi polepole na wenye nyumba hawatajua imeanza lini.